Ufahamu na Ufupisho: Zoezi la Kifungu cha Ufundi

Watahiniwa wengi hutishwa na kifungu chenye maneno ya ufundi. Wakikutana na "gasketi" au "platini" hudhani swali si lao. Hofu hiyo haina msingi. Mtunzi wa mtihani hapimi kama wewe ni fundi. Anapima kama unaweza kufuata hoja kutoka sababu hadi matokeo. Soma kifungu mara ya kwanza ili upate habari kwa jumla. Soma maswali. Kisha rudia kifungu ukiwa na penseli, upige mstari chini ya kila kipimo kilichofanywa na jibu lililopatikana.

Kifungu hiki kimetungwa kwa ajili ya zoezi, lakini maelezo ya ufundi yaliyomo ni ya kweli.

KIFUNGU

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Mzee mmoja wa wilaya ya Ngara alikuwa na Land Rover ya petroli ya mwaka 1978, yenye injini ya silinda nne. Msimu wa mavuno gari hilo lilibeba kahawa ya kijiji. Usiku lilibeba wagonjwa kwenda Hospitali ya Murgwanza. Kwa wiki kadhaa lilikuwa likipanda vilima huku likikohoa. Asubuhi moja likagoma kabisa kuwaka. Majirani walikusanyika, kila mmoja na ushauri wake. "Injini imekufa," walisema. "Ishushwe, ifunguliwe yote, pistoni zibadilishwe." Mzee alihesabu fedha alizokuwa nazo. Zilikuwa za ada ya wajukuu.

Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa amehitimu mafunzo ya ufundi wa magari, alifika jioni. "Shikamoo, babu. Naomba usimruhusu mtu afungue chochote mpaka tupime. Injini ya petroli inadai vitu vitatu: mchanganyiko wa petroli na hewa, cheche ya kuuwasha kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Kikikosekana kimoja, haiwaki. Tutafute kilichokosekana."

Kesho yake alitoa plagi zote nne. Zilikuwa zimelowa petroli: mafuta yalifika, ila hayakuungua. Alisubiri mvuke wa petroli uishe, akachomeka plagi moja kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, mbali na matundu ya silinda. Babu akapiga stata. Cheche ilikuwa hafifu, ya njano. Alipofungua distributa alikuta platini zimeungua. Akazisugua kwa msasa laini na kurekebisha nafasi kati yake iwe milimita 0.4. Plagi zikakaushwa na kurudishwa. Gari likawaka, na majirani wakapiga makofi.

Binti hakupiga makofi, kwa sababu injini ilikuwa bado inatetemeka. Platini zilieleza kwa nini gari liligoma asubuhi ile. Mtetemo ulionyesha kuwa kulikuwa na ubovu mwingine uliolifanya likohoe. Aliazima kipimamgandamizo kwenye gereji ya malori ya Benaco, njia ya Rusumo. Injini ikiwa bado ina joto, alitoa plagi zote na kutenganisha waya wa koili. Babu akakanyaga mafuta hadi mwisho na kupiga stata, silinda moja baada ya nyingine. Silinda ya kwanza ilisoma 125, ya pili 70, ya tatu 65 na ya nne 120. "Kitabu cha gari kinataka zaidi ya 125," babu alisema kwa wasiwasi. "Ni kweli, babu. Lakini huku tuko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo namba zote hushuka. Tulinganishe silinda na silinda, tusilinganishe silinda na kitabu."

Akamimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda ya pili, akapima tena. Akafanya vivyo hivyo kwa silinda ya tatu. Kama ringi za pistoni zingekuwa zimelika, oili ingeziba mwanya na namba ingepanda. Haikupanda. Na kwa kuwa silinda hizo mbili zilikuwa jirani, alishuku gasketi ya hedi katikati yake. Injini ilipopoa walimwaga maji ya rejeta, wakafungua hedi palepale nyumbani, chini ya mparachichi. Fito zinazosukuma valvu zilichomekwa kwenye boksi lenye namba 1 hadi 8, ili kila moja irudi mahali pake. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Binti alisimamisha rula ya chuma juu ya hedi; haikuwa imepinda. Gasketi mpya ililetwa kwa basi kutoka Mwanza. Bolti zilikazwa kwa awamu, kuanzia katikati kuelekea pembeni. Mwisho, nafasi ya kila valvu ilipimwa: milimita 0.25.

Injini haikushushwa, na ada ya wajukuu haikuguswa isipokuwa kidogo. Siku tatu baadaye, usiku wa manane, jirani alibisha hodi: mke wake alikuwa ameshikwa na uchungu. Gari liliwaka mara moja.

MASWALI

1. Andika kichwa cha habari kinachofaa kwa maneno yasiyozidi matano.
2. Plagi zilizolowa zilimwambia binti nini?
3. Kwa nini binti hakuridhika gari lilipowaka?
4. Kwa nini hakuzitegemea namba za kitabu?
5. Oili iliyomiminwa ndani ya silinda ilisaidia kuondoa shaka gani?
6. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) likikohoa (b) likagoma (c) imekufa.
7. Bainisha njia iliyotumika kuunda maneno haya: (a) gasketi (b) kipimamgandamizo.
8. Fupisha aya ya tatu hadi ya tano kwa maneno yasiyozidi 50.

MAJIBU NA MAELEZO

1. *Pima Kabla ya Kufungua.* Kichwa kama "Land Rover ya Babu" kinataja kitu kilichozungumzwa, lakini hakibebi wazo kuu.

2. Kwamba petroli ilikuwa inafika kwenye silinda, hivyo tatizo lilikuwa katika kuiwasha. Ukiandika "plagi zilikuwa mbovu" utakosa, kwa sababu kifungu hakisemi hivyo.

3. Kwa sababu injini ilikuwa bado inatetemeka. Ubovu wa platini ulieleza gari kutowaka, lakini kulikuwa na ubovu wa pili uliosababisha kukohoa. Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Anayesoma haraka huishia kwenye makofi ya majirani.

4. Kwa sababu Ngara iko juu, hewa ni nyepesi, na vipimo vya mgandamizo hushuka katika silinda zote. Silinda ya kwanza na ya nne zilikuwa na namba ndogo kuliko za kitabu, lakini zilikuwa nzima.

5. Iliondoa shaka kwamba ringi za pistoni zimelika. Namba ingepanda, pistoni zingehitaji kushughulikiwa, kama majirani walivyodai.

6. (a) Injini kukatakata nguvu na kutoa mlio usio sawa. (b) Likakataa kuwaka. (c) Imeharibika kabisa. Usitoe maana ya kamusi pekee: injini haiugui kifua, wala haifi kama kiumbe. Maneno yote matatu yametumika kwa sitiari.

7. (a) Utohoaji: neno limechukuliwa kutoka Kiingereza na kupewa umbo la Kiswahili, kama pistoni, plagi na bolti. (b) Uambatanishaji: *kipima* na *mgandamizo* yameunganishwa kuwa neno moja, kama ilivyo kwa *kipimajoto*.

8. *Plagi zilizolowa zilionyesha mafuta yanafika. Cheche ilikuwa hafifu, hivyo platini zikarekebishwa na gari likawaka. Mtetemo ulipoendelea, mgandamizo ulipimwa. Silinda mbili jirani zilikuwa dhaifu na oili haikuzisaidia. Hedi ilifunguliwa, gasketi iliyoungua ikabadilishwa, bolti zikakazwa kwa utaratibu, na injini ikapona bila kushushwa.* (Maneno 40)

Angalia kilichoachwa: rula, boksi la fito, mparachichi, basi la Mwanza na mazungumzo yote. Kilichobaki ni kipimo, jibu la kipimo na hatua iliyofuata. Ukipunguza hata kimoja kati ya hivyo, msomaji hataelewa kwa nini hedi ilifunguliwa.

KUMBUKA: Unapokwama kwenye swali la ufahamu, usikisie kama majirani wa mzee. Rudi kwenye aya husika, tafuta sentensi inayothibitisha jibu lako, ndipo uandike. Usipoiona sentensi hiyo, jibu lako bado halijapimwa.