Nimepaka dawa, chunusi zimezidi

SWALI: Daktari, natumia jeli ya adapalini wiki ya tatu sasa. Chunusi zimeongezeka na ngozi inabambuka. Niache?

JIBU: Usiache bado. Dawa hii huharakisha ngozi kujiumba upya, hivyo chunusi zilizojificha huweza kujitokeza mapema. Matokeo hupimwa baada ya wiki 12. Kwa sasa paka usiku mmoja, ruka mmoja. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima, ngozi ikiwa imekauka. Kisha paka losheni isiyo na manukato. Usisugue wala kutumbua: ngozi nyeusi ikichubuka huacha madoa. Mchana jikinge na jua. Ukivimba uso, au ukipata mimba, acha dawa na umwone daktari.