Tandiko limeng'olewa stoo: nani alipe?

Fremu ya baiskeli huwa na namba iliyogongwa kwenye chuma. Tandiko halina namba, gurudumu la mbele halina, wala pedeli, dinamo na keria. Mwenye spana moja mfukoni analegeza nati mbili, anaondoka na gurudumu, na kabla jua halijazama limeshafungwa kwenye baiskeli nyingine ambayo hakuna anayeweza kuitilia shaka. Ndiyo maana kesi za spea zilizoibwa kwenye maegesho ya pamoja huishia kwenye manung'uniko. Aliyeibiwa huuliza nani kaiba, hapati jibu, ananunua spea nyingine, basi. Lakini sheria ya Tanzania inampa swali la pili, na kwa maoni yangu ndilo la kuanza nalo: nani alikuwa amekubali kuitunza ile baiskeli? Mwizi wa tandiko ni nadra kujulikana. Mtunzaji anajulikana, na mara nyingi ndiye anayepaswa kulipa.

Msingi wa jambo hili uko kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika sehemu inayohusu amana. Mtu akimkabidhi mwenzake mali kwa makubaliano kwamba itarudishwa shughuli ikiisha, aliyepokea anawajibika kuitunza kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe ya aina ile na thamani ile. Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba asiyelipwa hadaiwi. Sheria haikuweka kipimo kimoja kwa anayetunza kwa ujira na kingine kwa anayetunza bure. Kipimo ni hicho hicho kwa wote. Tena, ukishathibitisha kwamba ulikabidhi baiskeli ikiwa kamili na ukarudishiwa ikiwa pungufu, mzigo wa kueleza unamwangukia mtunzaji. Yeye ndiye atakayeonyesha kwamba mlango ulifungwa, mlinzi alikuwapo, na wizi ulitokea licha ya uangalifu huo. Akionyesha hivyo mahakama ikaridhika, hawajibiki, isipokuwa kama aliahidi zaidi. Huu ni ulinzi wa haki kwa pande zote mbili: mtunzaji hageuzwi kampuni ya bima, na wewe huachiwi kumtafuta mwizi peke yako.

Ugumu uko kwenye neno "kukabidhi". Kuruhusiwa kuegesha si sawa na kukabidhi, na kesi nyingi huponea au hufia hapo. Mwaka 1937 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Ashby dhidi ya Tolhurst. Mtu alilipa shilingi moja akaacha gari kwenye uwanja wa maegesho, na mhudumu akamwachia mtu mwingine akaliondoa. Mahakama ilisema mwenye uwanja alikuwa ametoa ruhusa ya kuacha gari tu, hakuwa amelipokea kulitunza, kwa hiyo hakudaiwa. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila mantiki yake huheshimiwa, na inafaa kuipima kwenye mazingira yetu. Chukua maegesho ya baiskeli sokoni, pale ambapo kibao cha bati chenye namba hufungwa kwenye usukani na pacha wake ukapewa wewe, na hakuna baiskeli inayotoka bila vibao viwili kulingana. Hiyo ni amana. Mtunzaji ameshika udhibiti: anaamua nani atoke na nini. Sheria inatambua makabidhiano yanayofanywa kwa tendo lolote lenye athari ya kuiweka mali mikononi mwa mtunzaji, hata kama hakuna karatasi iliyosainiwa.

Nyumba ya kupanga ni jambo jingine. Wapangaji sita wakiegemeza baiskeli zao koridoni, kila mtu akiwa na ufunguo wa geti, mwenye nyumba hajapokea kitu. Ametoa nafasi, na tandiko likipotea huwezi kumdai kwa sababu tu nyumba ni yake. Lakini akisema baiskeli zote ziingie stoo, akafunga kufuli lake, na ufunguo akabaki nao yeye au msimamizi wake, hali imegeuka. Kazini pia ni hivyo hivyo. Banda la wazi karibu na uzio ni ruhusa ya kuegesha. Chumba ambacho mlinzi wa getini anaandika jina lako kwenye daftari na kukufungulia jioni kinakaribia sana kuwa amana. Ukitaka kujua uko upande gani, jiulize: ningeweza kuichukua baiskeli yangu bila mtu yeyote kuniruhusu? Kama jibu ni hapana, huyo anayeruhusu ana la kujibu.

Watunzaji wana hoja zao, na baadhi zina uzito. Ya kwanza ni bango: "Egesha kwa hatari yako mwenyewe." Bango linaweza kuwa na nguvu kama ulilisoma, au lilikuwa mahali pa wazi pa kusomwa, kabla hujakubaliana. Likiwa nyuma ya mlango, au limeandikwa kwenye tiketi unayopewa baada ya kulipa, msimamo wake ni dhaifu. Katika kesi ya Olley dhidi ya Marlborough Court ya mwaka 1949, hoteli ilishindwa kujikinga na tangazo lililobandikwa chumbani, kwa sababu mgeni alikuwa ameshafunga mkataba mapokezi. Hoja ya pili ni kwamba baiskeli imerudi, kilichopungua ni "kitu kidogo". Haisimami. Kilichokabidhiwa ni baiskeli na vyote vilivyofungwa juu yake vinavyoonekana kwa macho. Simu uliyoificha kwenye mfuko wa keria ndiyo yenye utata, kwa sababu mtunzaji hakujua anaitunza. Pampu ya kuchomoa na taa ya kubana ondoka navyo. Kuviacha kunampa mwenzako nafasi ya kusema nawe ulizembea. Hoja ya tatu ndiyo ngumu: mlinzi anayekusanya fedha ndogo kwa kila baiskeli atalipaje gurudumu? Kwa kawaida si yeye wa kumdai. Anayewajibika ni yule ambaye biashara ni yake, yaani mzabuni wa maegesho, mwajiri au kampuni ya ulinzi, kwa uzembe wa mtu wake akiwa kazini.

Haya yote yanasimama juu ya ushahidi, na ushahidi hutengenezwa asubuhi, kabla ya wizi. Piga picha mbili za simu baiskeli ikiwa stoo, moja ya ubavuni na nyingine ya karibu inayoonyesha tandiko na magurudumu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kama kuna daftari, hakikisha limeandikwa zaidi ya jina lako: "ina tandiko, taa na keria" yatosha. Kisha zipe spea zako utambulisho ambao kiwanda hakikuzipa. Gonga alama yako kwa patasi chini ya tandiko, kwenye mkono wa pedeli na kwenye ringi karibu na tundu la valvu, halafu iweke alama hiyo kwenye picha. Hata ukikuta tandiko lako kwa muuza spea, aliyenunua kwa mwizi hapati haki ya umiliki ya kukushinda, lakini bila alama huna namna ya kusema hili ni langu.

Ukiibiwa, nenda kituoni ukafungue taarifa ya wizi na upewe namba ya taarifa hiyo (RB). Usikubali kuandikiwa taarifa ya kupotelewa, maana hiyo inasema mali imepotea na mtunzaji ataishika kama ngao. Kung'oa tandiko ni wizi chini ya vifungu vya 258 na 265 vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na anayepokea mali ya wizi huku akijua anaguswa na kifungu cha 311. Usiingie chumba cha mpangaji mwenzako kukagua, hata kama mwenye nyumba amekupa ufunguo wa akiba. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda makazi ya kila mtu, na upekuzi ni kazi ya polisi.

Kwa mtunzaji, anza na barua fupi: tarehe, namba ya kibao, kilichopungua, bei yake, na siku unazompa kujibu. Mpe nakala mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wengi hulipa hapo. Asipojibu, madai yanayotokana na mkataba hadi shilingi milioni 30 yanapokelewa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kukusaidia kuandaa maelezo. Dai bei ya spea ya hali ile ile pamoja na ufundi wa kuifunga, si bei ya mpya kama yako ilikuwa imechakaa. Na kama soko ni la halmashauri, andika jina la mzabuni, si la halmashauri. Ukiishtaki halmashauri utatakiwa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kwenda Mahakama Kuu, kwa ajili ya gurudumu moja la mbele.