Jikoni na Nyanjani: Chakula kama Ufunguo wa Fasihi Simulizi ya Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Hata hivyo, si kila atembeaye huona, wala si kila aonaye huelewa. Msafiri anayeizuru Kenya huonja samaki wa kupaka Mombasa, muthokoi Machakos na mursik Eldoret, kisha akarejea kwao akidai kuwa ameijua nchi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi naye huingia kijijini na kinasa sauti chake, akakusanya ngano, nyimbo na methali. Jioni hukaribishwa chakula, akala, akashukuru na kuondoka bila kuuliza lolote kuhusu alichokila. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa wote wawili huacha nyuma nusu ya kile walichokifuata. Chakula, mahali na masimulizi ni matawi ya mti mmoja. Anayekata moja huudhuru mti mzima. Hoja hii itafafanuliwa kwa kurejelea kisakale cha Fumo Liyongo na kisasili cha Simbi Nyaima.

Wishwa na Kikoa katika Kisakale cha Liyongo

Anayefika Kipini, mahali Mto Tana unapoingia baharini, huonyeshwa kaburi linalosemekana kuwa la Fumo Liyongo. Masimulizi juu ya shujaa huyu yamehifadhiwa na Waswahili na Wapokomo vilevile. Edward Steere alichapisha toleo la nathari mwaka 1870, naye Muhamadi Kijumwa wa Lamu akautunga utendi wake mwaka 1913. Wanafunzi wengi huusoma utendi huo darasani wakitafuta sifa za shujaa: nguvu, ushujaa, kipawa cha ushairi na kifo cha kusalitiwa. Ni wachache wanaotambua kuwa maisha ya shujaa huyo yaliokolewa na vyakula viwili vya kawaida.

Chakula cha kwanza ni mkate wa wishwa. Liyongo akiwa kifungoni, walinzi walikuwa wakimpokonya kila chakula kizuri alicholetewa na kijakazi Saada. Kwa njia ya wimbo, alimwagiza Saada amwambie mamaye aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wakautwaa mkate mzuri na kumwachia mfungwa ule duni. Tupa ikamfikia, naye akaikata minyororo huku kelele za ngoma ya gungu zikiufunika mlio wa chuma.

Wishwa ni makapi yanayobaki nafaka inapotwangwa kinuni na kupepetwa kwa ungo. Kizazi kilichokua kikinunua unga wa pakiti hakijayaona makapi hayo. Zaidi ya hayo, mkate wenye pumba leo huuzwa madukani kama chakula cha kujenga afya, na mara nyingi bei yake hushinda ya mkate mweupe. Mwanafunzi wa aina hii akiusoma utendi atawaona walinzi kuwa wajinga walioacha chakula bora. Ukweli ni kwamba hila ya Liyongo imejengwa juu ya ujuzi wa kijamii: wishwa lilikuwa jambo la dhiki, na hakuna mlinzi ambaye angeitamani dhiki ya mfungwa.

Chakula cha pili ni makoma, yaani matunda ya mkoma. Maadui wa Liyongo walipanga kula kikoa, wakakubaliana kuwa kila mmoja apande mkoma kwa zamu na kuwaangushia wenziwe matunda. Njama ilikuwa kumpiga mishale zamu yake itakapofika naye yuko juu. Liyongo hakupanda, aliyaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe.

Anayekutana na neno kikoa kitabuni tu huenda akalipita kama jina la karamu yoyote. Kikoa ni desturi ya kula pamoja kwa zamu, na anayekwepa zamu yake hujivunjia heshima mbele ya wenzake. Hivyo basi, mtego haukuwa mti pekee bali desturi yenyewe. Liyongo asingeweza kukataa bila kuaibika, wala asingeweza kupanda bila kufa. Aidha, aliyesimama chini ya mkoma na kuutazama urefu wake hutambua papo hapo kwamba apandaye ana haja ya mikono yote miwili. Hawezi kushika upinde. Kwa mishale yake, Liyongo aliitimiza zamu na kuinusuru roho yake kwa tendo moja. Ufafanuzi huu haupatikani katika kamusi peke yake. Hupatikana mahali mikoma inapoota na watu wanapokula.

Simbi Nyaima: Chakula Kilichonyimwa

Karibu na Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, lipo ziwa dogo la kasoko liitwalo Simbi Nyaima, yaani kijiji kilichozama. Katika masimulizi mengi ya Waluo, ajuza mmoja alifika kijijini hapo usiku akiwa na njaa na baridi, wakati wenyeji wakinywa pombe na kucheza. Walimfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea na kumhifadhi. Ajuza alimwonya mwenyeji wake aondoke. Baadaye mvua kubwa ikanyesha na kijiji kikazama.

Wanajiolojia wataeleza kuwa kasoko hiyo ilitokana na volkano. Maelezo hayo hayakibatilishi kisasili, kwa kuwa kila moja hujibu swali lake. Kisasili hujibu swali la maadili: jamii inayomnyima mgeni chakula inajitendea nini? Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Simbi Nyaima ni upande wa pili wa methali hiyo, kwani mgeni alikuja, akafukuzwa, na wenyeji hawakupona.

Msafiri anayefika hapo huona jambo ambalo nakala ya ngano haimwambii. Maji ya Simbi ni ya magadi na hayanyweki, ilhali umbali mfupi tu kutoka hapo Ziwa Victoria lina maji baridi na huwalisha wenyeji omena, ngege na mbuta. Pale ambapo chakula kilinyimwa pametokea maji yasiyomfaa mwenye kiu. Mandhari yenyewe yanaikamilisha hukumu ya ngano.

Majina, Jinsia na Hatari ya Kupotea

Masuala matatu yanajitokeza kwa mtafiti wa Kiswahili. La kwanza ni majina. Mursik ya Wakalenjin ikiitwa maziwa ya mgando, kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu hutoweka katika tafsiri, na pamoja nacho heshima anayofanyiwa mwanariadha anapolakiwa kwa kinywaji hicho. Ni bora jina libaki na maelezo yafuate.

La pili ni jinsia. Watafiti wengi huwahoji wazee wa kiume barazani. Lakini aliyeutekeleza mpango wa Liyongo ni mama aliyeoka na kijakazi aliyebeba. Huko Simbi, aliyempokea ajuza ni mwanamke. Mtafiti asiyefika jikoni huwaacha mafanani wengi bila kuwasikiliza.

La tatu ni kupotea. Ngege wa asili amekuwa adimu katika Ziwa Victoria, mbuta aliyeletwa miaka ya 1950 akitajwa miongoni mwa sababu. Chakula kinapotoweka, tamathali zilizojengwa juu yake hugeuka mafumbo yasiyo na ufunguo. Ndiyo maana mradi wa Kenya wa kuorodhesha na kuhifadhi vyakula vya kiasili, ulioanza mwaka 2007, uliingizwa na UNESCO mwaka 2021 katika rejista ya mifano bora ya uhifadhi wa turathi. Kazi hiyo haipaswi kuachiwa wataalamu wa lishe pekee.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa chakula si pambo la utafiti wa nyanjani, bali ni sehemu ya matini. Mwanafunzi anayekusanya ngano anapaswa kuandika vilevile jina la chakula katika lugha ya wenyeji, anayekipika, chombo kinachotumika, wakati wa kuliwa na mwiko unaokihusu. Aidha, aulize ni hadithi gani husimuliwa chakula kikingojewa kuiva. Maswali haya hayahitaji fedha wala mitambo. Yanahitaji unyenyekevu wa kukaa karibu na meko. Asipoulizwa anayejua wishwa leo, kesho utendi wa Liyongo utasomwa na watu watakaowacheka walinzi, wasijue kuwa wa kuchekwa ni wao.