SOMO LA SOKO: Nukta nyekundu ya bei nafuu kwa mwindaji wa bata mzinga

Kila mwaka kati ya Februari na Aprili, maduka ya vifaa vya uwindaji nchini Marekani hupokea mteja wa aina moja. Shotigani anayo tayari. Mfukoni ana dola 100 au 200. Anachotaka ni kifaa cha kulengea chenye nukta nyekundu, akifunge juu ya bunduki kabla msimu wa bata mzinga haujafunguliwa. Florida ya kusini hufungua mapema Machi; majimbo ya kaskazini husubiri hadi mwisho wa Aprili au hata Mei. Msimu ukishapita, bidhaa hulala rafuni.

Soko hili ni dogo, lina muda mfupi, na limejaa bidhaa ambazo kwa macho hazitofautiani hata kidogo. Mfanyabiashara yeyote wa vitu vidogo atajiona humo.

Tuanze na ndege mwenyewe. Bata mzinga wa porini alikaribia kumalizwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Akarudishwa kwa kukamatwa na kuhamishwa kutoka jimbo hadi jimbo, na chama cha kitaifa cha kumhifadhi kiliundwa mwaka 1973. Leo wako kwa mamilioni na huwindwa kwa kibali katika majimbo 49. Alaska peke yake haina. Mwindaji huketi chini ya mti kabla ya mapambazuko, amevaa nguo za rangi ya majani, anaiga sauti ya jike na kungoja dume asogee. Dume akifika umbali wa yadi 40, yaani mita 36 hivi, au chini ya hapo, hulengwa kichwani na shingoni. Hapigwi mwilini, kwa sababu manyoya na mifupa ya kifua humwacha akiwa na jeraha akakimbilia porini kufa.

Zamani shotigani ilihitaji tu ushanga mdogo wa shaba kwenye ncha ya mtutu. Siku hizi mambo yamebadilika. Mitutu ya kazi hii hufungwa choki kali inayobana marisau yatoke yameshikana, na marisau yenyewe mengi ni ya tangsteni, madini yenye uzito wa gramu 18 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, wakati risasi ya kawaida ina gramu 11 na kitu. Kwa sababu hiyo, ndege akiwa karibu, tuseme yadi 10 au 15, marisau hayajatawanyika; yanapita kama ngumi moja. Mwindaji akiinua shavu kidogo kutoka kwenye kitako cha bunduki ili amwone ndege vizuri, anapiga juu ya kichwa. Kosa hili ndilo linalouza nukta nyekundu kuliko tangazo lolote.

Kifaa chenyewe si kigeni kimawazo. Howard Grubb, fundi wa vioo kutoka Ireland, alisajili wazo la kulengea kwa mwanga unaoakisiwa kwenye kioo mwaka 1900. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilileta sokoni kifaa cha kielektroniki mwaka 1975. Ndani mna taa ndogo sana inayotupa mwanga mwekundu kwenye kioo kilichopindwa na kupakwa dawa inayorudisha rangi hiyo na kupitisha nyingine. Jicho huona nukta kana kwamba iko mbali, pale pale alipo ndege. Hakuna haja ya kupanga ushanga, jicho na shabaha katika mstari mmoja. Nukta ikiwa juu ya shingo, bunduki imeelekea shingoni.

Sasa tuingie kwenye bei, maana hapo ndipo wengi huumia.

Chini ya dola 50 kuna vifaa tele vinavyouzwa kwa njia ya posta kwa majina yanayobadilika kila msimu. Vingi vimeundwa kwa bunduki za kuchezea zinazorusha vidonge vya plastiki, na vingine ni nakala za bandia za majina makubwa. Aliyewahi kununua simu Kariakoo bila kuuliza yuko upande gani wa barabara anaujua mchezo huu. Kati ya dola 100 na 250 liko kundi ambalo mnunuzi makini hulitazama: Bushnell TRS-25 iliyo chini kidogo ya hapo, Sig Sauer Romeo5, Vortex Crossfire na Venom, Burris FastFire, na baadhi ya aina za Holosun. Msomaji asidanganyike na jina la Kimarekani kwenye boksi. Vingi vya kundi hili huundwa China. Tofauti na vile vya dola 40 iko katika nani alikagua mzigo kabla haujapakiwa, na nani atapokea simu mteja akilalamika.

Jambo la kwanza la kupima ni teke. Risasi nzito ya bata mzinga ya kipenyo cha 12 hupiga nyuma kwa nguvu kuliko bunduki nyingi za kuwindia paa. Kila mlio ni nyundo kwenye skrubu, kwenye gundi inayoshika kioo, na kwenye kikombe cha betri. Kifaa kilichotengenezwa kwa bastola ndogo ya .22 kinaweza kung'aa vizuri dukani na kuhama shabaha baada ya milio mitano. Boksi linaloandika "kinastahimili mshtuko" bila kusema mshtuko wa nini halijasema kitu. Mtengenezaji anayeijua kazi yake hutaja shotigani ya 12 kwa jina.

Watu hukosea hesabu hapa. Risasi moja ya tangsteni ya kipenyo cha 12 inaweza kugharimu dola 10 au zaidi. Mwindaji aliyeokoa dola 80 kwa kununua kifaa hafifu, halafu kikahama, atatumia risasi sita kukirudisha mahali pake. Hizo ni dola 60. Kikihama tena msimu unaofuata, ameshalipa bei ya kifaa bora na bado anacho kile kibovu. Wenye akili hukaribisha shabaha kwa risasi za bei rahisi za mazoezi, kisha wanamalizia na mbili au tatu za tangsteni kuthibitisha, kwa sababu risasi hizo mbili hazipigi mahali pamoja.

Jambo la pili ni ukubwa wa nukta. Hupimwa kwa dakika za pembe, na dakika moja ni karibu sentimita moja kwa yadi 40. Nukta ya dakika 2 hufunika sentimita 2 kwa umbali huo. Ya dakika 6 hufunika zaidi ya 6, yaani kichwa kizima cha ndege. Kwa shotigani hilo si kosa kubwa, kwani marisau nayo yanaenea, lakini nukta ya dakika 3 ndiyo inayowafaa wengi. Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mwenye kasoro ya jicho inayopindisha mwanga huona nukta kama nyota yenye miguu. Huyu atalaumu kifaa na kukirudisha, kumbe tatizo ni jicho. Muuzaji mwerevu humwambia mteja aiangalie nukta kwa kamera ya simu. Kwenye picha ikiwa ya duara, kifaa kizima.

Tatu ni mwanga hafifu. Ndege hufika alfajiri, wakati ambapo nukta kali humwaga wekundu kwenye kioo kizima na kumficha. Wanunuzi wengi huuliza nukta inang'aa kiasi gani mchana; swali la maana ni inaweza kufifia kiasi gani. Tena kichwa cha dume kina rangi nyekundu, nyeupe na buluu, na wapo wanaochagua nukta ya kijani kwa sababu hiyo.

Betri nayo ina ujanja wake. Boksi moja litasema saa 50,000, jingine 3,000. Ya kwanza ni zaidi ya miaka mitano mfululizo. Ya pili ni siku 125. Namba hizo hupimwa nukta ikiwa ya wastani au hafifu, kamwe si kwa mwanga wa juu, kwa hiyo zilinganishwe kwa tahadhari. La muhimu zaidi ni mahali betri inapoingilia. Ikiwa iko chini ya kifaa, kuibadilisha ni kukifungua kifaa chote, na kukifungua kunadai kulenga upya, yaani risasi tena. Ya juu au ya pembeni huokoa fedha hizo. Vifaa vingine hujizima baada ya saa kadhaa ili kuokoa betri. Mwindaji anayekaa kuanzia saa kumi alfajiri hadi mchana lazima ajue chake hujizima lini. Vile vinavyojiwasha bunduki ikitikiswa ni vizuri, ila mtu akikaa tuli sana vinaweza kulala, basi aguse kidogo kabla ya kuinua.

Halafu kuna ufungaji, ambao ndio chanzo cha malalamiko mengi yasiyo na haki. Shotigani nyingi za Mossberg 500 zimetobolewa tayari juu ya mwili kwa ajili ya reli. Remington 870 nyingi za zamani hazikutobolewa, na fundi atalipwa. Mossberg 940 Pro Turkey imechongwa kupokea kifaa kidogo moja kwa moja, lakini si kila kifaa kinakaa kwenye mchongo huo. Alama za miguu zinatofautiana. Mteja aulizwe bunduki yake kabla ya kuuziwa. Skrubu zipakwe gundi ya kushikia na zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji.

Tuchukue mfano wa mwenye duka mdogo mwenye mtaji wa dola 1,800 mwezi Januari. Akinunua vifaa 40 vya dola 45 na kuuza kwa 70, faida kwenye karatasi ni dola 1,000. Akinunua 15 vya dola 120 na kuuza kwa 150, faida ni 450 tu. Wengi watakimbilia ya kwanza. Lakini vile vya bei ya chini havina mtengenezaji wa kumrudia. Tuseme mmoja katika kila watano unarudi: amerudisha fedha za wateja 8, amebaki na mauzo ya 32, sawa na dola 2,240, na faida imekuwa 440. Kwenye kundi la pili kikirudi kimoja, mtengenezaji hukibadilisha. Kampuni kama Vortex hutoa waranti ya maisha bila kudai risiti, hata kwa mmiliki wa pili. Vikirudi kumi katika 40, faida ya mwenye bei ya chini hushuka hadi 300. Hapo hatujahesabu muda wa kubishana na mteja ambaye ndege wake ameondoka na jeraha, wala yule ambaye hatarudi kununua risasi, na risasi ndizo zinazoendesha duka mwaka mzima.

Ushuru pia umeingilia. Aprili 2025 nyongeza ya ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ilifika asilimia 145, ikashushwa Mei hadi 30. Tarehe 2 Mei mwaka huo huo, vifurushi vya China vyenye thamani isiyozidi dola 800 viliondolewa msamaha wa ushuru, na ndiyo njia iliyokuwa ikileta vifaa vya dola 30 mlangoni kwa mnunuzi. Muuzaji aliyekuwa na mzigo wa zamani ghalani alipumua. Aliyeagiza mwezi ule alijuta. Anayeagiza toka China kwa msimu mmoja mfupi asipange bei kabla mzigo haujatoka forodhani.

Mwekezaji mdogo anayeuliza hisa atakuta milango mingi imefungwa. Vortex ni ya familia huko Wisconsin. Burris imo ndani ya kundi la Beretta, nalo la familia. Bushnell ilinunuliwa na ATK mwaka 2013 kwa dola milioni 985, ikawa chini ya Vista Outdoor iliyoingia soko la hisa la New York mwaka 2015. Vista ilikatwa vipande viwili: risasi zilikwenda kwa kampuni ya Czech, CSG, Novemba 2024, na upande wenye Bushnell ukanunuliwa na mfuko binafsi wa SVP Januari 2025 kwa dola bilioni 1.125. Aliyekuwa na hisa alilipwa na kutolewa.

La mwisho linawahusu Waswahili walioko Marekani wanaofikiria kubeba vifaa hivi kwenye sanduku kuja navyo Dar es Salaam au Nairobi. Vifaa vya kulengea vya bunduki vimo kwenye orodha ya udhibiti wa mauzo ya nje ya Wizara ya Biashara ya Marekani, na safari nyingi hudai kibali hata kwa kifaa kimoja. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa leseni, lakini forodha ya upande huu nayo itauliza maswali yake. Kibali kiombwe kabla ya kukata tiketi.