Kuvua Samaki Katse: Kilomita Peke Yake Hazitoshi

Wandugu, likizo ikikaribia, hapa Jozi hakukosi kikundi kinachosema "twendeni Lesotho tukavue trauti". Wazo ni zuri. Shida ni kwamba wengi wetu hupanga kwa kutazama kilomita tu, na milimani kilomita zinadanganya. Basi tujifunze kuipanga safari hii hatua kwa hatua.

Katse si ziwa la asili. Ni bwawa lililozuiwa na ukuta wa zege wenye kimo cha mita 185, kwenye mto Malibamatso, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Limetokana na mkataba wa 1986 kati ya Lesotho na Afrika Kusini. Maji yake hupita kwenye mahandaki, yakaingia mtoni na kuteremka hadi bwawa la Vaal, ambako Jozi hupata maji yake. Ukitupa taka kule, unajitupia mwenyewe.

1. Karatasi. Kama kibali chako cha masomo kimeisha muda, usivuke mpaka. Kwa kanuni za 2014, aliyezidisha muda kwa chini ya siku 30 anaweza kuzuiwa kurudi kwa miezi 12. Akizidisha zaidi ya hapo, miaka 5. Digrii nzima iende kwa sababu ya samaki? Ulizia pia viza ya Lesotho kwa pasipoti yako. Gari la kukodi liwe na barua ya mwenyewe ya kuruhusu kuvuka. Randi inatumika kule, ila maliza maloti kabla ya kurudi.

2. Saa. Jozi hadi Ficksburg ni zaidi ya kilomita 300: weka saa nne. Mpakani weka saa moja. Kutoka Leribe hadi Katse ni kilomita kama 120 tu, lakini weka saa tatu, maana ni kona juu ya kona. Ukiondoka saa kumi na moja alfajiri, unafika mchana. Usipande mlima usiku.

3. Mwinuko. Njia hupita Mafika Lisiu, mita 3,090. Hewa ya pale ni nyepesi: injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 30 ya nguvu iliyokuwa nayo Dar au Mombasa. Watu watano na mizigo kwenye kigari kidogo ni mateso. Wakati wa kuteremka tumia gia ndogo, usikanyage breki mfululizo, zitachemka. Baridi nayo inazidi ya Jozi kwa nyuzi kama 9, na kuanzia Mei hadi Septemba theluji inaweza kufunga barabara.

4. Majini. Kingo ni za mteremko mkali na maji ni baridi sana, kwa hiyo jaketi la kuokolea ni lazima hata kwa anayejua kuogelea. Kiangazi radi hupiga alasiri. Ufito wa kaboni hupitisha umeme, uweke chini mapema. Ulizeni kibali cha kuvua, na msihamishe samaki hai kwenda mto mwingine: trauti ni mgeni, anawamaliza samaki wadogo wa asili wa Maloti.

Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Mkifika, waamkieni wenyeji, waulizeni, kisha ndipo mtupe ndoana.

Kabla ya kuchanga hata randi moja, kaeni chini mpitie hatua hizi nne. Ikikwama moja, ahirisheni. Trauti watakuwepo likizo ijayo.