Pima Damu Kabla ya Mimba

Rovu ni uvimbe wa shingo. Wengi huliona kama kasoro ya sura tu. Lakini rovu linaweza kuhusu uzazi wako.

Mbele ya shingo kuna tezi. Tezi hii hutengeneza homoni. Homoni ni kitu kinachosafiri katika damu na kuuongoza mwili ufanye kazi zake. Ili kuitengeneza, tezi huhitaji madini joto. Katika nchi za milima, mvua za miaka mingi huyachukua madini hayo kutoka udongoni. Sisi wa Mtendeli, Kibondo na Kasulu tuko nchi ya juu. Tena tuko mbali na bahari, ambako samaki wana madini joto kwa wingi.

Homoni hiyo ikipungua, mwanamke huchoka upesi na kusikia baridi. Hedhi yake huweza kuvurugika. Huweza kukawia kupata mimba, au mimba ikaharibika. Mtoto naye huumia, kwa kuwa katika miezi ya kwanza ubongo wake hutegemea homoni ya mama. Ikikosekana sana, mtoto huweza kuzaliwa na akili dhaifu, au akawa bubu. Huku si kulogwa.

Utajuaje? Kutazama shingo hakutoshi. Mwenye rovu anaweza kuwa na homoni ya kutosha, na asiye na rovu akapungukiwa. Damu ndiyo inayoonyesha. Basi ukiwa na dalili hizi na unataka mtoto, nenda zahanati kabla ya kushika mimba. Mganga wa zahanati akiona haja, atakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa yenye kipimo hicho. Huko watachota damu kidogo mkononi. Homoni ikiwa pungufu, utapewa vidonge. Vimeze kila siku kama ulivyoagizwa. Ukishika mimba usiviache. Rudi upimwe tena.

Mume naye aende kupimwa. Mtoto hukawia kwa sababu ya baba pia.

Nyumbani, tumia chumvi yenye madini joto. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kununua. Iweke katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu. Itie chakula kikikaribia kuiva.

Maswali

1. Homoni ya tezi ikipungua, mama na mtoto hupata madhara gani?
2. Kwa nini kutazama shingo hakutoshi?
3. Chumvi ya nyumbani kwako ina madini joto? Leta pakiti yake darasani, muisome pamoja.