Tamthiliya Inapopanda Mlima: Lugha, Jukwaa la Kusafiri na Hadhira ya Bungu, Usambara

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya sekondari nchini Tanzania hutakiwa, katika chumba cha mtihani, kueleza dhamira, wahusika na matumizi ya jukwaa katika tamthiliya alizosoma. Mara nyingi mwanafunzi huyo hajapata kuiona hata moja ya tamthiliya hizo ikichezwa. Hulizungumzia jukwaa kama mtu wa bara aizungumziavyo bahari aliyoiona kwenye ramani tu. Hali hii ni nzito zaidi katika shule zilizo mbali na miji, kama zile za milima ya Usambara.

Makala hii inakusudia kuchunguza swali moja: tamthiliya mashuhuri za Kiswahili, ziwe zilizotungwa na Waswahili au zilizotafsiriwa, zikichukuliwa na kikundi cha kusafiri hadi mahali kama Bungu, lugha yake inahitaji kufanyiwa nini ili hadhira iipokee? Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba lugha hiyo irahisishwe. Sisi tunadai kinyume. Kinachotakiwa ni kuyatafutia maneno makuu ya tamthiliya maneno yanayokutana nayo katika lugha na historia ya wenyeji, na kuyaacha maandishi yenyewe yasimame.

Tumeichagua Bungu iliyomo katika Wilaya ya Korogwe, juu ya milima ya Usambara, ambako Kisambaa ndiyo lugha ya nyumbani na Kiswahili ni lugha ya shule, ofisi na mkutano wa hadhara. Msomaji asiichanganye na Bungu nyingine, ile ya Kibiti, kando ya barabara iendayo Lindi. Hata hivyo, kuwapo kwa Bungu mbili kutatusaidia katika sehemu ya nne.

2.0 Jukwaa la Kusafiri katika Afrika ya Mashariki

Wazo la kuwapelekea watu tamthiliya mahali walipo si geni kwetu. Katikati ya miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walizunguka mijini na vijijini wakicheza bila kutoza kiingilio. Walicheza kwa Kiingereza na pia kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilianzisha kikundi chake cha kusafiri. Hivyo swali la lugha lilikuwapo tangu safari ya kwanza: mchezaji akishuka garini katika uwanja wa shule, ni lazima awe ameshaamua atasema lugha gani, na kwa nani.

Nchini Tanzania mambo yalikwenda kwa mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ni wa maandishi. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar, iliyochapwa mwaka 1963 na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*, na *Mabepari wa Venisi* ya mwaka 1969. Samuel Mushi alitafsiri *Makbeth* (1968) na *Tufani* (1969). Mwaka huohuo wa 1969 Ebrahim Hussein alitoa *Kinjeketile*. Penina Muhando alifuata na *Hatia* (1972), na Edwin Semzaba akatoa *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* mwaka 1988. Kazi hizi ziliingia madarasani, na nyingi zimebaki humo.

Mkondo wa pili ni ule wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Kuanzia miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama (ndiye huyohuyo Penina Muhando) na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini, kwa mfano Malya katika Mkoa wa Mwanza, wakakaa na wananchi na kuibua michezo iliyotokana na matatizo ya wananchi wenyewe. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa, na makala hii haikusudii kuipunguzia heshima.

Lakini mgawanyo huo umezaa mazoea mabaya nje ya kazi ya wataalamu hao. Shule imepewa tamthiliya isiyo na jukwaa, na kijiji kimepewa jukwaa lisilo na tamthiliya. Kikundi kikifika kijijini siku hizi, wanakijiji hutarajia kuambiwa jambo: chanjo, vyoo, mimba za utotoni. Hayo yote ni muhimu. Hata hivyo, mkulima wa Bungu hastahili ujumbe peke yake. Anastahili pia swali kubwa lisilo na jibu jepesi, na tamthiliya mashuhuri ni hazina ya maswali ya namna hiyo.

3.0 Lugha ya Kusikika Mara Moja

Msomaji asipoelewa hurudi nyuma. Msikilizaji uwanjani hana ukurasa wa kurudia. Tofauti hii ndiyo inayowafanya waongozaji wengi wakimbilie kurahisisha. Tuchunguze basi ugumu wenyewe uko wapi.

Tuanze na tafsiri za Shakespeare. Nyerere alitumia mashairi yasiyo na vina. Katika Kiingereza mizani ya aina hiyo hujengwa kwa kupishanisha silabi zenye mkazo na zisizo na mkazo, na mstari huweza kuishia kwenye mkazo. Kiswahili hakina uhuru huo: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo takriban kila mstari huishia kwa silabi nyepesi. Zaidi ya hayo, kwa sikio lililolelewa na utenzi na ngonjera, ushairi ni vina na mizani ya idadi ya silabi. Vina vikikosekana, sikio hilo husikia nathari.

Yafuatayo ni matokeo yake. Ushairi wa *Juliasi Kaizari* unaonekana kwa jicho kitabuni, lakini uwanjani hauwi ushairi mpaka mchezaji auumbe kwa pumzi yake. Akitua mwisho wa mstari, akaupa uzito neno lililo mbele ya kituo, hadhira husikia mpangilio hata kama haijui jina lake. Akikimbiza mistari kama anayesoma tangazo, hata mwalimu wa fasihi atapotea. Ugumu, basi, mara nyingi haumo katika msamiati. Umo katika usemaji, nao haumalizwi kwa kubadilisha maneno.

Tuitazame pia *Ngoswe*. Karani wa sensa anatoka mjini kuja kijijini, anapokewa nyumbani kwa balozi, anampenda binti wa balozi, na mwishowe karatasi za kazi zinateketea kwa moto. Kisa hakina ugumu wowote. Lakini utamu wake umo katika kugongana kwa mitindo miwili ya Kiswahili: ule wa karani, wenye takwimu na fomu, na ule wa mzee wa kijiji, wenye staha na mzunguko. Mwongozaji akiwasemesha wote wawili Kiswahili kimoja chepesi ili "waeleweke", ameondoa hasa kile ambacho hadhira ya Bungu ingekicheka kwa kukitambua, maana makarani wa sensa huifikia kila kaya nchini, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2022.

4.0 Kinjeketile katika Bungu Mbili

Mfano mzito zaidi ni *Kinjeketile*. Tamthiliya hii inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka na maji yanayoaminiwa kuwa kinga dhidi ya risasi za Wajerumani, na makabila yaliyokuwa yakigombana yanaungana. Baadaye anagundua kwamba neno lililotoka kinywani mwake limekua kuliko yeye, wala hawezi tena kulirudisha.

Katika Bungu ya Kibiti, tamthiliya hii ni habari ya jirani: Ngarambe, alikoishi Kinjeketile Ngwale, imo katika nchi ileile ya Rufiji. Katika Bungu ya Usambara, Maji Maji ni somo la historia, kwa kuwa vita hivyo havikufika huko. Je, hadhira ya mlimani inabaki nje ya tamthiliya? Dhana tete yetu ni kwamba haibaki nje. Inaingia kwa mlango mwingine, na mlango huo ni wa lugha.

Tulichukue neno kuu lenyewe. *Maji* ya Kiswahili ni *mazi* kwa Kisambaa. Ukaribu wa sauti ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba katika fikra za kisiasa za Wasambaa, kama alivyozichambua Steven Feierman katika kitabu chake cha mwaka 1990, uwezo juu ya mvua ndio kipimo cha utawala. Mtawala mwenye nguvu zisizopingwa *huzifya shi*, yaani huiponya nchi: mvua hunyesha na chakula hupatikana. Nguvu zikishindana, *nguvu kwa nguvu*, nchi huharibika na njaa huingia. Hivyo mtu anayesimama mbele ya watu na kudai kwamba maji yana uwezo hadai habari ya dawa tu. Anadai habari ya nani anaishika nchi.

Mtazamaji mwenye msamiati huo hataanza kwa kuuliza kama maji yalikuwa kweli au uongo, swali ambalo madarasa yetu hulikariri. Huenda akaanza kwa kuuliza kama nguvu zilizokutana kwa Kinjeketile zilipatana au zilishindana. Na hilo ndilo swali la Hussein mwenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya tamthiliya inashughulika na ugomvi wa makabila na gharama ya umoja uliojengwa juu ya neno moja.

Mfano wa pili ni ile kauli ya Kinjeketile, akiwa amepagawa, kwamba baada ya ushindi watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akizinduka na kuambiwa, anashtuka: je, watamfukuza bwana mmoja ili wamkaribishe mwingine? Usambara ina kumbukumbu yake kuhusu jina hilo. Ufalme wa Wakilindi wa Vuga, chini ya Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862, ulikuwa jirani wa utawala wa Zanzibar, na pande zote mbili zilikuwa na sauti katika miji ya pwani ya Tanga. Kwa Msambaa aliyesimuliwa na wazee wake, Seyyid Said si bwana wa mbali, bali ni mtawala aliyepakana na mfalme wao. Kauli ileile, bila kubadilishwa hata silabi, inabeba mzigo mwingine ikipanda mlima.

Tuongeze kwamba Usambara yenyewe ina historia yake ya kuukataa ukoloni. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Katika miaka ya 1950 wakulima walipinga amri ya Waingereza ya kulima matuta, mpaka mpango huo ukaachwa mwaka 1957. Hadhira yenye kumbukumbu hizo haihitaji kuelezwa maana ya kutii au kukataa amri.

5.0 Pingamizi na Mapendekezo

Yako mapingamizi mawili. La kwanza linasema: kama Kisambaa kina nguvu hizi, kwa nini tamthiliya yote isitafsiriwe kwa Kisambaa? Hatuna ugomvi na tafsiri hiyo. Ingekuwa kazi ya heshima. Lakini kikundi kinachozunguka Korogwe, Lushoto na Muheza hakiwezi kubeba lugha tatu jukwaani, na mwanafunzi anahitaji kukisikia Kiswahili alichokisoma kikiishi. Pingamizi la pili ni zito zaidi: hadhira inaweza kuyaamini maji na kuikosa kejeli ya mwandishi. Hatari hiyo ipo, wala haiondolewi kwa kurahisisha. Huondolewa kwa mazungumzo.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, kikundi kifike siku moja kabla ya onyesho, kikae na wazee na walimu, kiulizie maneno makuu matano au sita ya tamthiliya: kwa Kisambaa husemwaje, na husemwa lini. Pili, dibaji fupi itolewe na mwenyeji, kwa Kisambaa, ikitaja maneno hayo bila kusimulia kisa. Tatu, tamthiliya ichezwe kwa Kiswahili chake. Ikihitaji kufupishwa yaondolewe maonyesho mazima, wala usemi usichujwe. Nne, mjadala wa baadaye uwe huru kwa lugha zote mbili, na wanafunzi wawe wakalimani, ili shule na kijiji vikutane. Tano, kikundi kiache nakala za kitabu na sehemu moja ambayo wanafunzi wataicheza wenyewe.

Kazi ya namna hii ina msingi wa zamani. *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi, iliyochapwa upya mwaka 1962, iliisimulia Usambara kwa Kiswahili kilichojaa majibizano ya watu mdomo kwa mdomo. Milima hii ilikwisha kuingia katika fasihi ya Kiswahili kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ugumu wa tamthiliya mashuhuri mbele ya hadhira ya mlimani hautokani hasa na msamiati, bali na usemaji usioandaliwa na maneno yasiyotafutiwa ndugu zao. Anayerahisisha hudhani hadhira haina kitu, na kwamba ni yeye anayekuja kuijaza. Bungu ina *mazi*, ina *shi*, ina wazee wanaojua nini hutokea nguvu zinaposhindana. Dhana tete hii inahitaji kupimwa uwanjani kwa kurekodi mijadala ya hadhira na kuichambua neno kwa neno. Hiyo ni kazi ya mwanaisimu na mwanajukwaa wakipanda gari moja.